Mchango wa mahindi umefika shuleni. Kwa nini mtoto bado ana njaa?

Kila Januari shule zinapofunguliwa, vikao vya wazazi mkoani Morogoro hurudia ajenda ileile: chakula cha mchana. Mahindi kiasi gani kwa mtoto, maharage kiasi gani, hela ya mpishi, ya kusaga, ya kuni na ya chumvi. Mabishano huwa makali, na karibu yote huhusu nani ametoa na nani hajatoa. Ni nadra mzazi kusimama na kuuliza kile kilichotolewa mwaka jana kiliishia wapi.

Swali hilo ni la afya, si la hesabu tu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa. Wengi wao ndio hawa wanaoingia darasa la awali na la kwanza miaka michache baadaye, na wapo wanaotoka nyumbani alfajiri bila hata chai. Mlo wa shule ukiharibika, wapo watakaokaa bila kula mpaka jioni.

Dunia nzima sasa inazungumzia upotevu wa chakula. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa, asilimia 60 zikitoka majumbani. Katika nchi tajiri, shule huingia kwenye hesabu hiyo kupitia kantini: mtoto anachukua maziwa ya pakiti na tufaha, hali, vinakwenda pipani. Ndiyo maana Marekani shule nyingi zimeweka meza ambapo mtoto huacha tunda zima au pakiti ambayo hajaifungua ili mwenzake achukue, na kinachobaki hupelekwa kwa vituo vya misaada.

Shule ya msingi ya kutwa kule Matombo, Kinole au Mgeta haina pakiti wala kantini. Ina sufuria kubwa, mama mpishi mmoja au wawili, na stoo ambayo mara nyingine ni kona ya ofisi ya mwalimu. Tukiiga lawama za huko na kumgombeza mtoto kwa kubakiza, tutakuwa tumemkosea. Chakula cha shule zetu hupotea zaidi kabla hakijafika kwenye sahani.

Chakula hiki ni cha nani?

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, serikali ilibeba ada lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki kwa mzazi. Miaka miwili baadaye, Januari 2018, Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima mashuleni na kusema mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Nia ilikuwa kumlinda mtoto wa maskini. Kwa upande wa chakula, hata hivyo, walimu waliogopa kugusa debe la mahindi, na wazazi waliokuwa wakitoa kwa moyo wakapata sababu ya kuacha. Mwaka 2021 ukaja mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi, ambao uliirudisha jamii katikati: wazazi kupitia kamati ya shule na serikali ya kijiji wanakubaliana, wanachangia na wanasimamia.

Kwa hiyo, mama, mahindi yaliyopo stoo ya shule si msaada wa mtu wa mbali. Ni yako na ya majirani zako. Una haki ya kuuliza yamehifadhiwaje, na hakuna anayepaswa kukuona mkorofi kwa kuuliza.

Stoo inakula watoto thelathini

Tufanye hesabu ndogo. Mtoto mmoja akila gramu 120 za mahindi kwa siku, kwa siku 194 za masomo, anahitaji kilo 23 na kidogo kwa mwaka. Hilo ni debe moja na nyongeza kidogo. Shule yenye watoto 300 inahitaji karibu tani saba, yaani magunia 70 ya kilo mia. Sasa tuseme katika kila magunia kumi, moja linaishia kwa wadudu, panya na ukungu. Magunia saba yamekwenda. Hicho ni chakula cha watoto 30 kwa mwaka mzima, na hakuna mtoto aliyebakiza hata tonge.

Sehemu ya tatizo ni kalenda. Mchango unadaiwa Januari, mwezi wa sare na madaftari, wakati ghala la nyumbani limeshapungua na debe la mahindi limepanda bei. Anayetoa wakati huo anatoa kwa shida, na mara nyingine anatoa yale yaliyobaki chini ya gunia. Busara inasema tukusanye wakati wa mavuno baada ya masika, Julai na Agosti, mahindi yakiwa mengi na rahisi. Lakini mahindi ya Agosti lazima yakae stoo hadi mwezi wa tano au wa sita mwaka unaofuata, yapite vuli, yapite joto la Februari, yapite masika yenyewe. Huku milimani ukungu wa asubuhi haukosekani, na kuanika ni vita. Ukikusanya mapema bila kujua kuhifadhi, umehamishia hasara shuleni tu.

Adui anayeonekana ni dumuzi. Mdudu huyu aligundulika Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na wakulima walimpachika jina la Scania; hukwangua mahindi na kuacha unga. Asiyeonekana ni mbaya zaidi: sumukuvu, sumu inayotengenezwa na fangasi kwenye mahindi na karanga ambazo hazikukauka vizuri. Mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kenya ilipata pigo kubwa zaidi mwaka 2004 kwenye maeneo ya Makueni na Kitui, ambapo watu 125 walikufa. Kiasi kidogo kinacholiwa kila siku hakiui papo hapo, lakini kwa miaka huharibu ini na kinahusishwa na saratani ya ini na kudumaa kwa watoto.

Jambo ambalo kila mama mpishi anapaswa kuambiwa wazi ni kwamba sumukuvu haiishi kwa kupika. Makande yakichemka saa nne, sumu inabaki. Kusaga kunaificha tu. Ndiyo maana gunia lililooza halipaswi "kuchanganywa na zuri ili lisionekane", na wala halipaswi kutolewa kama mchango kwa sababu limekataliwa nyumbani. Tunalisema kwa ukali kidogo kwa sababu tabia hiyo ipo.

Njia ya kujua kama mahindi yamekauka haihitaji mashine. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Weka kijiko kimoja au viwili vya chumvi kavu, kisha ongeza mahindi hadi theluthi ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika moja, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Yarudishwe juani, kwenye turubai na si chini kwenye udongo. Chumvi ikianguka yote chini, yanaweza kupokelewa. Jaribio hili lifanyike pale pale kwenye meza ya kupokelea michango, mbele ya wenyewe, kwa kila gunia. Punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zilizosinyaa zichambuliwe na kutolewa. Kuchambua kwa mikono ni kazi ya kuchosha, lakini hupunguza sumu nyingi, kwa kuwa fangasi huanzia kwenye punje hizo. Zilizotolewa ziteketezwe. Wasipewe kuku wala mbuzi wa maziwa, kwa sababu sumu hupita kwenye maziwa na kukurudia wewe.

Mahindi yakishakauka, mifuko isiyopitisha hewa ndiyo tunayoipendekeza kuliko dawa. Wengi mnaifahamu kama mifuko ya PICS: tabaka mbili za nailoni ndani na kiroba nje. Ilianzia kwenye utafiti wa kuhifadhi kunde kule Kamerun, na hufanya kazi kwa kumnyima mdudu hewa. Ni ghali kuliko kiroba cha kawaida, ila hutumika zaidi ya msimu mmoja isipotobolewa. Shule ikitumia dawa za unga za kuhifadhia nafaka, lazima kuwe na mtu mmoja anayejua kipimo, tarehe ya kuweka iandikwe, na mahindi yasipikwe kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti kupita. Vidonge vya kufukiza wadudu visiingie kabisa kwenye chumba ambacho watu hukaa au watoto hupita. Gesi yake inaua.

Sufuria iliyopikwa bila kuhesabu

Tuseme stoo ni salama. Sehemu ya pili ya hasara ni jikoni, na sababu kubwa ni kwamba mpishi hajui anapikia watoto wangapi. Anapima unga kwa orodha ya waliochangia, wakati siku ya soko au siku ya mvua kubwa nusu ya darasa haijafika. Siku nyingine anapima kwa mazoea, chakula hakitoshi, na wadogo wa darasa la kwanza, ambao husukumwa nyuma ya foleni, ndio wanaokosa.

Jirani zetu wa Nairobi wana somo hapa. Mpango wa Dishi na County ulioanza mwaka 2023 unapika kwenye majiko makubwa ya pamoja. Mzazi analipa shilingi tano za Kenya kwa mlo, na mtoto anagusisha bangili yake anapochukua chakula. Fedha za kaunti na za wafadhili zilizomo hatuna, na majiko yale hatutayajenga kesho kutwa. Kinachoigika ni kuhesabu. Kiranja wa kila darasa akipeleka jikoni karatasi yenye idadi ya waliohudhuria kabla unga haujaingia kwenye maji, sehemu kubwa ya tatizo imekwisha, bila bangili.

Kuna pia chakula kinachobaki kwa sababu hakiliki. Maharage magumu, ugali wenye moshi, makande yenye wadudu wanaoelea. Maharage mekundu ambayo hayajaiva vizuri yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha. Yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto na kuyaacha yaive hadi yabonyee. Kuloweka kunapunguza kuni pia, jambo ambalo mlezi wa milimani anayetunza miti yake atalielewa haraka.

Na upakuaji. Watoto wa darasa la awali na wa darasa la saba wakipewa upawa mmoja sawasawa, mdogo atabakiza na mkubwa atabaki na njaa. Ni heri kuanza na kiasi kidogo kwa kila mtoto, kisha kutangaza nyongeza. Chakula kilichobaki sufuriani bila kuguswa bado ni chakula safi na kinaweza kugawiwa palepale. Kilichobaki kwenye sahani ya mtoto kimeshaguswa na mikono na mate. Hicho ni makombo, na hakigawiwi tena kwa mtu.

Makombo na maganda yana wenyewe. Mgeta kuna mbuzi wa maziwa ambao mbegu yake ililetwa kutoka Norway kupitia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine katika miaka ya 1980, na nguruwe pia wapo. Maganda ya ndizi na viazi, majani ya kabichi na mabaki ya mboga yaende kwao, au yafukiwe kuwa mboji ya bustani ya shule.

Kiporo kinachokuja nyumbani

Wapo watoto wanaobakiza kwa makusudi. Mtoto wa darasa la tatu anakula nusu, nusu anaificha kwenye kopo ili ampelekee mdogo wake. Walezi wengi wa Uluguru wamewahi kulikuta kopo hilo, na jambo la kwanza ni kutomchapa. Anakuonyesha kwamba anajua hali ya nyumbani.

Lakini hatari ipo. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida. Shule ikipakua saa sita na nusu mchana, mtoto akatoka saa tisa na kupanda mlima kwa saa nzima, kopo linafika likiwa na saa tatu na nusu, limefungwa, lina joto la uvuguvugu ambalo vijidudu hulipenda. Ugali mkavu hustahimili kidogo. Maharage yenye mchuzi, wali na dagaa havistahimili. Kuchemsha tena ni vizuri na huua vijidudu vingi, ila baadhi yao, hasa wa wali na wale wanaotoka mikononi mwa watu, huwa wameshaacha sumu ambayo moto hauiondoi. Mtu mzima anaweza kupata tumbo la siku moja. Mtoto wa mwaka mmoja anaweza kuishiwa maji mwilini kabla ya asubuhi.

Kwa hiyo kopo la aina hiyo asipewe mtoto aliye chini ya miaka mitano. Akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti (ORS) mara kwa mara kwa vijiko, mnyonyaji aendelee kunyonya, na zahanati watakupa vidonge vya zinki. Macho yakizama, akishindwa kunywa, akilegea au kukiwa na damu kwenye choo, usisubiri kuche.

Kisha nenda shuleni. Ikiwa wapo watoto wanaobeba chakula kwa ajili ya wadogo zao, kamati inapaswa kujua ni kaya zipi, kwa siri na kwa heshima, na mhudumu wa afya wa jamii azitembelee. Wengine watataka kopo lipigwe marufuku tu. Marufuku pekee itamwacha yule mdogo na njaa ileile, na mkubwa atajifunza kuficha vizuri zaidi.

Anayekaa chini ya mwembe

Zipo shule ambazo mtoto ambaye mzazi wake hajachangia hapewi chakula. Anakaa chini ya mwembe wenzake wakila. Wanaotetea utaratibu huo wana hoja: ukimlisha asiyetoa, kesho hakuna atakayetoa. Tunaielewa. Mzazi aliyebeba debe kichwani kutoka mtaa wa juu ana haki ya kuudhika akimwona mwenzake amekaa kilabuni.

Hata hivyo adhabu inamwangukia asiyehusika, na siku ambayo sufuria limebaki na ugali wa watoto kumi unaopelekwa kwa nguruwe huku watoto kumi wakiangalia, shule imetupa chakula kwa hiari yake. Mzazi mkaidi ana njia zake: mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, kikao cha mtaa. Mzazi asiye nacho anahitaji njia nyingine ya kuchangia, na hapa milima yetu ina bahati ambayo mikoa mikavu haina. Januari mahindi yakiwa adimu, ndizi zipo. Kuna magimbi, kisamvu, matembele, mchicha, mafenesi. Mkungu wa ndizi, mzigo wa kuni, siku mbili za kulima bustani ya shule au zamu ya kuchambua mahindi vihesabiwe kwenye daftari kama mchango, kwa thamani iliyokubaliwa kikaoni. Bibi anayelea wajukuu wanne peke yake hawezi kutoa madebe manne na zaidi ya mahindi. Mboga za majani kila Jumanne anaweza.

Mchango wa namna hii unaondoa pia hasara ya shambani. Kabichi za Nyandira zikijaa sokoni kwa wakati mmoja bei huanguka, na barabara ikikatika kwa mvua, gari haliji, zinaozea shambani. Machungwa na mananasi ya Matombo na Kinole vivyo hivyo. Kule mjini, wafanyabiashara wa Soko Kuu la Chifu Kingalu na la Mawenzi hubaki na nyanya laini jioni. Shule iliyo karibu ingeweza kupokea sehemu ya mazao hayo, mradi mwalimu wa afya awe na msimamo mezani. Tunda zima lililoiva sana linapokelewa. Lililokatwa, lenye ukungu au lililopasuka na kutoa harufu linarudi na mwenyewe, hata kama ni diwani. Nyanya yenye ukungu haikatwi sehemu mbovu na kutumika iliyobaki. Mboga zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, na zipikwe siku hiyo hiyo.

Makande matupu hushibisha, lakini hayampi mtoto vitamini A wala vitamini C ya kutosha. Mboga ya majani na kipande cha chungwa vinabadilisha mlo huo bila mahindi kuongezeka hata punje moja.

Kikao cha kuamua haya si cha Januari. Ni cha Juni, kabla mahindi hayajauzwa. Nenda na chupa yako ya chumvi. Omba kuona daftari la stoo: magunia yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyoharibika na tarehe. Kama safu ya "yaliyoharibika" haipo kwenye daftari, omba ichorwe siku hiyo hiyo, na wachaguliwe wazazi wawili, mmoja awe mama, wa kuhesabu magunia kila mwisho wa mwezi.